Kutoka Kwaya hadi Konventi: Historia ya Njia ya Usista Nchini Kwetu



Historia ya kwaya yetu imeandikwa na mwenyekiti kwenye kurasa za mwanzo za kitabu hiki, pamoja na picha. Mimi kama katibu nimeombwa na kamati ya jubilei kujibu swali ambalo huulizwa kila tunaporudi kutoka Misa ya nadhiri, tukiwa ndani ya matatu ya kukodi na sare zimejikunja: mtu hufikaje kuwa sista? Swali hilo huwa na mwenzake, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: mbona mwingine huenda konventi, akakaa miaka mitatu au minne, kisha akarudi nyumbani?

Maswali hayo mawili yana jibu moja, na jibu lenyewe limo katika historia. Njia ya usista imewekwa hatua nyingi kwa makusudi, ili katika kila hatua binti awe huru kusema ndiyo au hapana, na shirika nalo liwe huru vilevile. Anayefika mwisho na anayerudi wote wawili wamepita njia hiyo hiyo, na Kanisa linawaheshimu wote wawili.

MASISTA WA KWANZA

Wamisionari wa Consolata kutoka Turin, Italia, walifika katika nchi ya Wakikuyu mwaka wa 1902 na kuanza kazi Tuthu, katika eneo la Murang'a la leo. Muda mfupi baadaye waliona kwamba mapadre na mabruda peke yao hawangeweza kazi hiyo. Mama mgonjwa hakutaka kuhudumiwa na mwanamume mgeni. Mzazi hakutaka kumpeleka binti yake kwa mwalimu mwanamume. Mlango wa nyumba ya mama wa Kiafrika ulihitaji mwanamke wa kuubisha.

Kwa hiyo mwaka wa 1903 walikuja masista wa Cottolengo, nao pia kutoka Turin. Miaka saba baadaye, mwaka wa 1910, Padre Giuseppe Allamano aliyekuwa ameanzisha Wamisionari wa Consolata akaanzisha shirika la masista wa Consolata. Kundi lao la kwanza lilisafiri kuja Kenya mwaka wa 1913. Allamano mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika, lakini tarehe 20 Oktoba 2024 Papa Fransisko alimtangaza Mtakatifu, na wengi wetu tunakumbuka shangwe ya siku hiyo.

Kati ya masista hao wa mwanzo, wawili waliofanya kazi katika nchi yetu wametangazwa Wenye Heri hapa hapa Kenya. Ukisoma walivyoingia utawa utaona kwamba hakuna aliyepita njia nyororo.

MWENYE HERI MARIA CAROLA: MLANGO WA KWANZA ULIFUNGWA

Maria Carola Cecchin alizaliwa mwaka wa 1877 huko Cittadella, kaskazini mwa Italia, katika familia ya wakulima. Jina lake la nyumbani lilikuwa Fiorina. Alipokuwa msichana aliomba kuingia shirika la masista wa Mtakatifu Dorotea huko Vicenza. Hawakumpokea.

Hebu tusimame hapo kidogo. Huyu ni Mwenye Heri wa Kanisa, ambaye picha yake imebebwa kwa maandamano Meru, na shirika la kwanza alilobisha hodi lilimwambia hapana. Hakukasirika na Mungu, wala hakujiona hana wito. Mwaka wa 1896 alibisha hodi kwa masista wa Cottolengo, nao wakampokea. Mwaka wa 1905 alitumwa Kenya, na kwa miaka ishirini alipika, alilima, alifua, aliuguza wagonjwa na kufundisha katika misheni mbalimbali, kuanzia upande wa Murang'a hadi Tigania kule Meru.

Mwaka wa 1925 masista wa Cottolengo waliitwa warudi Italia. Maria Carola alipanda meli akiwa mgonjwa sana. Alifariki tarehe 13 Novemba 1925 meli ikiwa katika Bahari ya Shamu, na mwili wake ukazikwa baharini. Hana kaburi ambalo tunaweza kulizuru. Tarehe 5 Novemba 2022, katika uwanja wa Kinoru mjini Meru, alitangazwa Mwenye Heri.

MWENYE HERI IRENE: NYAATHA WA GIKONDI

Huyu wa pili tunamfahamu zaidi. Irene Stefani alizaliwa mwaka wa 1891 katika kijiji cha Anfo, Italia, na jina lake la ubatizo lilikuwa Aurelia Mercede. Mama yake alifariki yeye akiwa bado msichana, akabaki kumsaidia baba yake kulea wadogo zake. Ukiwa kifungua mimba, au ukiwa uliwahi kuachiwa wadogo, unajua maana ya maneno hayo. Wito wake ulikuwa na majukumu ya nyumbani yaliyoushika mkono.

Aliingia kwa masista wa Consolata mwaka wa 1911. Mwaka wa 1912 akapewa vazi la kitawa na jina jipya la Irene. Mwezi wa Januari 1914 akaweka nadhiri, na mwishoni mwa mwaka huo huo akaanza safari ya Kenya. Alifika mwanzoni mwa 1915.

Alikuta Vita vya Kwanza vya Dunia vimepamba moto. Waafrika wengi walikuwa wamechukuliwa kwa nguvu kubeba mizigo ya wanajeshi wa Uingereza. Jina la kikosi hicho cha wapagazi ndilo lililotupa Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Wapagazi hao walikufa kwa maelfu kwa njaa, kuhara na homa. Sista Irene alitumwa kuwauguza katika hospitali za jeshi, kwanza Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Alifanya kazi hiyo akiwa sista mchanga kabisa, bado hajamaliza miaka mingi tangu nadhiri zake za kwanza.

Baada ya vita, kuanzia 1920, alitumwa Gikondi, upande wa Mukurwe-ini, Nyeri. Huko alifundisha shule na kuzunguka milima na mabonde akitembelea wagonjwa na akina mama waliojifungua. Aliwaandikia barua wazazi ambao hawakujua kusoma, barua za kupeleka kwa wana wao waliokuwa wakifanya kazi mbali na nyumbani, na majibu yalipokuja aliwasomea. Watu wakampa jina la Nyaatha, yaani mama mwenye huruma. Alipata ugonjwa wa tauni kwa kumhudumia mgonjwa, akafariki tarehe 31 Oktoba 1930 akiwa na umri wa miaka 39. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa Mwenye Heri mjini Nyeri, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza sherehe kama hiyo kufanyika katika nchi yetu.

MABINTI ZETU WENYEWE

Mpaka hapo tumewataja masista waliotoka ng'ambo. Lakini mabinti wa Kiafrika waliowaona masista hao wakianza kuuliza: je, nasi tunaweza?

Uganda walikuwa wametangulia. Huko Masaka shirika la Bannabikira lilianza mwaka wa 1910. Huku kwetu, mwaka wa 1918 Askofu Filippo Perlo alianzisha shirika la Masista wa Maria Imakulata huko Nyeri kwa ajili ya mabinti wa hapa. Mwaka wa 1923 Mama Kevin, sista Mfransisko kutoka Ireland ambaye jina lake la kuzaliwa ni Teresa Kearney, alianzisha shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko huko Nkokonjeru, Uganda. Wakati huo Wakatoliki wa magharibi mwa Kenya walikuwa bado chini ya Vikarieti ya Nile ya Juu, ambayo ilikuwa na makao yake Uganda. Ndiyo sababu masista wa shirika hilo ni wenyeji pande zote mbili za mpaka hadi leo.

Kwa mabinti hao wa mwanzo, kikwazo kikubwa kilikuwa nyumbani. Wazazi wangu mnaosoma hapa mnajua. Binti alikuwa daraja kati ya koo mbili. Ndoa yake ilileta mahari, na mara nyingi mahari hiyo ndiyo iliyomwezesha kaka yake naye kuoa. Kwa Wakikuyu na kwa jamii nyingine kadhaa, watoto wake ndio waliorudisha majina ya babu na nyanya. Binti aliyesema hataolewa alikuwa kama anayesema kwamba jina la nyanya yake lifie kwake. Basi wazazi waliokataa tusiwahesabu kuwa watu wabaya. Walikuwa wakilinda kitu cha thamani.

Historia ya Mwenye Heri Anuarite wa Kongo inaonyesha jambo hili vizuri. Alizaliwa mwaka wa 1939 huko Wamba. Alipotaka kujiunga na masista wa Jamaa Takatifu, mama yake alikataa. Siku lori lilipokuja kuwachukua mabinti kwenda konventi ya Bafwabaka, alipanda pamoja nao bila mama kujua. Aliweka nadhiri zake za kwanza mwaka wa 1959. Aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 akilinda nadhiri yake ya useja, na mwaka wa 1985 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa.

Simwelezi Anuarite ili mabinti wetu wapande malori kisirisiri! Namweleza kwa sababu mashirika yamejifunza kutokana na miaka hiyo. Siku hizi mlezi wa miito huja nyumbani, huketi na wazazi, hunywa chai, na kusikiliza. Mzazi akiwa na shaka, huo ndio wakati wa kuitoa.

HATUA KWA HATUA

Sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1983 ndiyo inayoongoza njia hii leo. Kila shirika lina katiba yake na majina yake madogo madogo, lakini hatua kuu ni hizi.

Kwanza ni kujuana. Binti huandikiana na mlezi wa miito na kuhudhuria semina za siku chache wakati wa likizo. Mashirika mengi humtaka awe amemaliza kidato cha nne.

Pili ni kuishi pamoja, yaani uaspiranti na upostulanti. Binti huishi na masista, huamka nao, husali nao, hulima na kupika nao. Hajaweka nadhiri yoyote. Bado anaitwa kwa jina lake.

Tatu ni unovisi. Hapa sheria ni kali. Binti lazima awe ametimiza miaka 17, awe hajafungwa na ndoa, na awe anakuja bila kulazimishwa. Aliyelazimishwa au kutishwa, kuingia kwake hakuhesabiki hata kidogo. Lazima alete hati ya ubatizo na ya kipaimara. Hata mwenye madeni ambayo hawezi kuyalipa hapaswi kupokelewa, kwa maana konventi si mahali pa kujificha wadai.

Unovisi huchukua si chini ya miezi 12, na kwa kawaida hauzidi miaka miwili. Mnovisi akikaa nje ya nyumba ya unovisi kwa zaidi ya siku 15, lazima azilipe siku hizo. Akizidisha miezi mitatu, unovisi wake unakuwa batili, na lazima auanze upya. Nawaomba wazazi waisome sentensi hiyo mara mbili. Ndiyo sababu binti yenu hakuja kwenye harusi ya kaka yake. Hakuwa amewadharau wala kuwasahau.

Nne ni nadhiri za muda, akiwa ametimiza miaka 18 au zaidi. Ni nadhiri za useja, ufukara na utii. Kabla ya hapo humkabidhi mtu mwingine usimamizi wa mali yake, kama anayo. Nadhiri hizi ni za kipindi, na zikiisha huziweka tena. Kipindi chote hakipungui miaka mitatu wala hakizidi sita, ingawa wakuu wanaweza kukiongeza hadi kufikia miaka tisa.

Tano ni nadhiri za daima, akiwa na angalau miaka 21. Kabla ya siku hiyo huandika wosia.

Hapa kwaya tunaingia. Katika Misa ya nadhiri za daima, sista huitwa kwa jina, naye huitika. Huulizwa maswali mbele ya taifa la Mungu. Kisha hulala kifudifudi mbele ya altare, nasi tunaimba Litania ya Watakatifu. Hiyo si nafasi ya kuonyesha sauti. Ndugu zangu wa besi wananielewa! Tunamwombea mtu ambaye bado hajatamka nadhiri, tukiwaita watakatifu wote waje wasimame naye. Litania inapokwisha ndipo anapoinuka na kusoma nadhiri zake. Wimbo wetu unaisha, na neno lake linaanza.

Hesabu sasa. Kutoka siku ya kubisha hodi hadi Litania hiyo, binti aliyeenda bila kuchelewa popote atakuwa ametumia miaka sita, saba, nane au zaidi. Mwanafunzi wa ualimu tulimaliza diploma na kuajiriwa kabla ya hapo.

WALE WANAORUDI

Kwa nini Kanisa linamsubirisha binti hivyo? Kwa sababu nadhiri za daima ni neno la maisha yote, na neno la maisha yote halichukuliwi kwa haraka wala kwa aibu. Sheria yenyewe inasema wazi kwamba mnovisi anaweza kuondoka kwa hiari yake, na shirika linaweza kumwambia arudi. Anayemaliza kipindi cha nadhiri za muda yuko huru kwenda. Havunji nadhiri. Nadhiri imekwisha muda wake, naye ameitimiza.

Lakini sisi huku nyumbani hatuisomi sheria hiyo. Tunasoma uso wa mama yake. Binti akienda tunampikia, tunamchangia, tunamwimbia, tunapiga vigelegele hadi barabarani. Akirudi hatumwimbii kitu. Tunaulizana alifanya nini. Tunasema "alifukuzwa", hata kama ni yeye aliyeomba kuondoka. Tunasema "alishindwa", kama kwamba ulikuwa mtihani wa taifa. Wengine huhama parokia kabisa, na wengine hukaa nyumba za malezi mwaka mmoja zaidi ya walivyopaswa kwa kuogopa safari ya kurudi. Na binti akiogopa kurudi, ile ndiyo yake ya siku ya nadhiri si huru tena. Kwa hiyo masengenyo yetu yanaharibu hata wito wa wale wanaobaki.

Katika kwaya hii wapo waliotoka kwenye viti vyetu na leo ni masista wa nadhiri za daima. Tunawashukuru kwa kuja jubilei. Wapo pia waliokwenda na kurudi. Mmoja wao alikaa miezi kadhaa kwenye benchi la nyuma karibu na mlango, akiimba kwa midomo bila sauti, hadi kiongozi wa alto alipomfuata baada ya Misa na kumkabidhi kitabu cha nyimbo. Hakumwuliza chochote. Alimwambia tu kwamba mazoezi bado ni Alhamisi. Leo binti huyo ni mwalimu wa watoto wa Utoto Mtakatifu, na yale mafunzo aliyopata unovisi, ya kusali, ya kunyamaza, ya kufanya kazi bila kuhimizwa, hayajapotea. Wanaomwona na watoto wanajua.

Sheria ya Kanisa inalikumbusha shirika kwamba anayeondoka hawezi kudai malipo kwa kazi aliyofanya, lakini shirika linapaswa kumtendea kwa haki na kwa upendo wa Injili. Ikiwa masista wanaambiwa hivyo, sisi waumini tunaosali naye jumuiya moja tutasema tumesamehewa jukumu hilo?

OMBI LA JUBILEI

Kwa mabinti wa kwaya mnaofikiria njia hii: ulizeni. Mkumbukeni Maria Carola aliyekataliwa kwanza na Irene aliyekuwa na wadogo wa kulea. Msiende kwa sababu ya vazi, wala kwa sababu ya kukimbia shida, wala kwa sababu mmechangiwa pesa. Mkiona si njia yenu, rudini bila hofu.

Kwa wazazi: msikatae kabla ya kusikiliza, na msimsukume mtoto ili mpate kuitwa mama au baba wa sista. Mpeni ruhusa mbili siku moja, ruhusa ya kwenda na ruhusa ya kurudi. Mwambieni maneno hayo mkiwa langoni, ayasikie kwa masikio yake.

Na kwenu wanakwaya wenzangu: kamati imekubali kwamba kuanzia mwaka huu wa jubilei, jina la mwanakwaya anayekwenda konventi halitafutwa kwenye daftari la kwaya. Litabaki mahali pake, katika sauti yake. Akiweka nadhiri za daima, tutaandika tarehe na kumshukuru Mungu. Akirudi, atakuta jina lake liko, sare yake imetunzwa kabatini, na mazoezi bado ni Alhamisi saa kumi na moja jioni.

Mwenye Heri Irene Nyaatha na Mwenye Heri Maria Carola, mtuombee.

Katibu wa Kwaya